Karabai Isiyopigwa Pampu

Mjomba aliketi kwenye stuli, mgongo ukutani, akaitazama TV yake kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Tulikuwa nyumbani kwake Kiriba, jua linaelekea kuzama, mlango wazi upande wa ziwa. Kwenye kona ya kioo yalikuwa yametokea maandishi madogo, HDR, nami nikajiona nimefika. Somo langu lilikuwa linacheza: kioo cha kompyuta yangu kimerekodiwa chote, kushoto ukurasa wa maelezo, kulia dirisha la video, na ndani ya dirisha hilo mtumbwi wa mjomba mwenyewe usiku wa giza, karabai juu ya maji, vijana wanavuta wavu wa dagaa. Nilikuwa nimemwahidi kwamba atajiona. Alijitafuta, hakujiona.

“Mjomba,” akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilo hilo, “karabai hizi zimeishiwa upepo. Nani alikuwa zamu ya pampu?”

Asiyewahi kuwasha karabai huenda asisikie uchungu wa maneno hayo. Karabai haiwaki kwa mafuta ya taa peke yake. Unajaza mafuta, unapiga pampu mpaka mkono uchoke, upepo unayasukuma mafuta juu, na kile kifuko cheupe kinawaka kama jua dogo. Upepo ukipungua mwanga unageuka manjano, kisha unanywea, na dagaa hawana subira na taa iliyonywea. Wavuvi wengi siku hizi wamehamia taa za sola na betri. Mjomba hajaziacha zake. Kumwambia mvuvi kuwa karabai yake haina upepo ni kumwambia hajui kazi. Safari hii aliyekuwa anaambiwa ni mimi.

Na zile karabai zilikuwa na upepo tele. Nilikuwamo mtumbwini usiku ule, nimejikunja na simu yangu kwenye mfuko wa nailoni. Baadaye, kwenye kompyuta, nilipima kitovu cha taa kwenye picha niliyokwisha kuirekebisha nikapata karibu niti 950. Niti ndicho kipimo chetu cha mwanga wa kioo: mshumaa mmoja kwa kila mita ya mraba. Kilichozinywesha karabai za mjomba ni mstari mmoja wa namba nilioubandika kwenye faili kwa mikono yangu, bila kujua maana yake.

Kwanza niseme nilifikaje huko. Nina chumba cha kazi Musoma mjini. Ugali wangu unatoka kwenye harusi, send-off, kipaimara na misiba, ya Musoma, Bunda na Butiama. Kurekodi kioo nilikuanza ili kupunguza simu. Vijana wanaoanza kazi hii walikuwa wananipigia usiku, “Kaka, hii rangi umeifanyaje?”, na rangi haielezeki kwa simu. Nikawa narekodi kioo huku nafanya kazi, nazungumza juu yake, nawagawia kwenye flashi. Katika video ya kawaida, ile ya SDR, jambo hili halina maswali. Nyeupe ni nyeupe. Faili haisemi ni niti ngapi. Inasema tu “hapa weka nyeupe yako”, na kila TV inatoa nyeupe iliyonayo, ya bei kubwa na ya mtumba sawasawa.

Kisha nikapata monita ya HDR, ile video yenye nafasi pana kati ya giza na mwanga, na karabai zikanitia tamaa. Usiku wa ziwani hauingii kwenye SDR. Taa ikitoka vizuri, uso wa mvuvi unazama gizani. Ukiuinua uso, taa inakuwa bonge la chokaa. Kwenye HDR vyote viwili vinakaa: taa inachoma macho kidogo, na bado unaona maji yanavyotetemeka chini ya mtumbwi, unaona hata dagaa wanavyometa ndani ya wavu. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilimwita jirani aje atazame. Aliniuliza kama monita ni ya moto.

Mbinu niliyotumia inaitwa PQ. Ilianzia kwa watu wa Dolby, na mwaka 2014 chama cha wahandisi wa sinema na televisheni, SMPTE, wakaifanya kiwango rasmi, namba ST 2084. Tabia yake ni kuahidi. Kila thamani ndani ya picha inataja kiasi kamili cha mwanga, kuanzia sifuri hadi niti 10,000. Asilimia 58 ya ishara ni niti 203, basi. Asilimia 75 ni karibu niti 1,000. Haikuachii nafasi ya kusema “nyeupe yako uliyonayo”. Sasa hiyo ni ahadi ya tajiri, kwa sababu TV ya niti 10,000 haiko Kiriba na haiko Masaki. Nyingi za bei yetu zinafika mia tatu hivi zikijitahidi. Kwa hiyo TV inalazimika kubana: mwanga mkubwa uingie kwenye uwezo mdogo. Na ili ibane kwa akili, inahitaji kuambiwa mapema mzigo unaokuja ni mkubwa kiasi gani.

Hapo ndipo zinapoingia zile taarifa za mwangaza, metadata. Ziko za aina mbili, na watu wengi, mimi nikiwa wa kwanza, huzichanganya. Aina moja, ST 2086, inaeleza kioo alichokitumia fundi alipokuwa anaitengeneza picha: rangi zake, kilele cha mwanga wake, weusi wake. Hiyo haisemi lolote juu ya picha yenyewe. Ni kama kusema gari lilipimwa kwenye mzani gani. Aina ya pili ndiyo inayoizungumzia picha, na ina namba mbili. MaxCLL ni pikseli yenye mwanga mkali kuliko zote katika video nzima. MaxFALL ni fremu yenye wastani mkubwa wa mwanga kuliko zote. TV nyingi zinasoma namba za aina zote mbili kabla hazijaonyesha chochote, na zinaziamini.

Faili niliyompelekea mjomba ilisema 4,000.

TV yake ikafanya inavyopaswa. Ni kama mwenye shughuli aliyeambiwa kuwa wageni arobaini wako njiani: anapunguza minofu, anawabana waliokwisha kukaa, anaacha viti vya mbele vitupu. Wanakuja tisa. TV ilitenga nafasi ya juu kwa mwanga wa niti 4,000 ambao haukuwamo kabisa kwenye video, na ili kuipata nafasi hiyo ikashusha kila kitu kingine. Karabai zikawa za katikati. Nyuso zikawa kivuli. Mjomba akakosa kujiona kwenye mtumbwi alioununua kwa jasho lake.

Ile 4,000 niliitoa wapi? Nilikopi. Kwenye mifano ya jinsi ya kutengeneza faili za HDR kuna mstari unaozunguka kutoka mkono hadi mkono, una herufi za kijani, bluu na nyekundu na mabano mengi, na mwishoni kuna herufi L yenye namba mbili: 40000000 na 50. Niliuona unafanya kazi, maana yake TV iliandika HDR kwenye kona, nikaridhika. Sikujua kuwa ule ni wasifu wa monita ya niti 4,000, monita ambayo ingenunua nyumba yangu na choo chake.

Nilipogundua, nikakimbilia kurekebisha, na nikaharibu zaidi. Nilitaka kusema niti 1,000, nikaandika 1000. Lakini kipande kile cha mstari hakihesabu niti, kinahesabu sehemu ya elfu kumi ya niti. Kwa hiyo niti 1,000 inaandikwa moja na sifuri saba, 10000000, na ile 50 ya mwisho ni weusi wa niti 0.005. Mimi nilikuwa nimetangaza kwamba kazi yangu ilifanyika kwenye kioo chenye kilele cha niti 0.1. Kibatari kinakishinda mbali. Cha kuchanganya zaidi, MaxCLL na MaxFALL zinazokaa pembeni ya mstari huo huo zenyewe zinaandikwa kwa niti kamili, 1000 ni 1,000. Mstari mmoja, vipimo viwili. Sijui nani alikubaliana na nani siku hiyo, lakini hakuwahi kupima dagaa kwa debe.

Baada ya aibu hiyo nikaamua kutoandika namba nisiyoipima. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kurekodi kioo ni jambo gumu kuliko kuhariri filamu. Mwenye filamu anamaliza kazi, kisha anapima, kisha anaandika. Anayerekodi kioo anaandika huku kazi inaendelea. Programu ya kurekodi inaanza faili sekunde ya kwanza, na MaxCLL haijulikani mpaka fremu ya mwisho ipite. Kwa hiyo haipimi, inaandika ulichojaza. Natumia OBS Studio, ambayo ilianza kukubali HDR kwenye toleo la 28, mwaka 2022. Ndani yake kuna visanduku viwili ambavyo wengi tunavipita bila kuvitazama: kimoja ni mwanga wa nyeupe ya SDR, kimewekwa 300, kingine ni kilele cha HDR, kimewekwa 1,000. Hivyo ni vianzio tu, vya kumwezesha mtu aanze. Havijui kwamba leo unarekodi karabai na kesho unarekodi jedwali la michango ya harusi.

Nikaanza kupima baada ya kurekodi. Programu ya FFmpeg ina kichujio kiitwacho signalstats, kinachotoa kwa kila fremu thamani ya juu kabisa ya mwanga. Unaitafsiri kuwa niti kwa hesabu ya PQ, unapata karibu na ukweli. Nasema karibu, kwa sababu MaxCLL halisi haiangalii weupe. Inaangalia ile rangi moja iliyo kali zaidi kati ya nyekundu, kijani na bluu katika pikseli. Kwenye ukurasa mweupe hakuna tofauti. Kwenye taa nyekundu ya boti kuna tofauti kubwa. Jambo la pili linalokudanganya ni kodeki. Ikibana herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, huacha vijipande vya mwanga wa ziada kwenye ukingo wa herufi, mwanga ambao haukuwapo kwenye kioo. Ukichukua pikseli moja kali kuliko zote unaweza kuwa umechukua uchafu. Mimi natazama mwanga unaodumu fremu baada ya fremu, na ule wa fremu moja nauacha uende zake.

MaxFALL ndiyo iliyonitesa. Kichujio kile kinatoa pia wastani, nikaufurahia, nikaugeuza kuwa niti, nikaandika. Ulikuwa mdogo ajabu. Ikanichukua jioni mbili kuona kosa: nilikuwa nachukua wastani wa thamani za ishara, kisha naugeuza kuwa mwanga, wakati inapaswa kugeuza kila pikseli kuwa mwanga kwanza, halafu ndipo wastani. Fikiria kioo kilicho nusu nyeupe ya niti 203 na nusu nyeusi tii. Wastani wake wa kweli ni niti 101 na kidogo. Kwa njia yangu ulitoka chini ya 10. PQ si mstari ulionyooka, na wastani unaochukuliwa juu ya kilima haufanani na unaochukuliwa chini yake. Nikaandika programu fupi ya kufanya hesabu kwa njia iliyo sawa. Inachukua muda, naiacha usiku feni ikilia.

Faili mpya ikawa na namba za kweli: kilele 950, wastani mkubwa 431. Nilizibadilisha bila kuigusa picha, kwa mkvmerge, ambayo inaandika lebo upya kwenye chombo cha faili bila kusaga video tena. Nikarudi Kiriba na flashi nikiwa na uhakika wa kupindukia.

TV ikafunguka. Uso wa mjomba ukaonekana, kofia yake, kamba mkononi. Akacheka. Kisha akafinya macho, akaweka kiganja juu ya paji la uso kama mtu anayetafuta mtumbwi mchana.

“Sasa mjomba, hii karatasi yako ndiyo imekuwa karabai. Ungeifunga kwenye mtumbwi ningekuamini.”

Alikuwa anausema ukurasa wa maelezo, upande wa kushoto. Na alikuwa sahihi kuliko mashine yangu. Lebo ya uongo ya mwanzo ilikuwa imeshusha kila kitu, na katika kushusha huko ilikuwa imelificha kosa jingine. Lebo ilipokuwa ya kweli, kosa likatoka nje: nilikuwa nimerekodi ukurasa mweupe kwa niti 480. Kwenye TV ya niti mia tatu, 480 na 950 zote zinasukumwa kwenye chumba kimoja cha juu, zinabanana mpaka hakuna tofauti. Taa ikawa nukta, karatasi ikawa ukuta, na zote mbili zina ukali ule ule. Jicho linafuata ukuta. Namba zilikuwa za kweli kabisa, na zilieleza kwa ukweli kabisa picha iliyorekodiwa vibaya.

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda, kwa sababu nilidhani nyeupe ya kompyuta ni nyeupe tu. Kioo cha kompyuta kikiwa katika HDR, kinabeba dunia mbili kwa wakati mmoja. Video yangu ya ziwani inakuja na niti zake, hazijadiliwi. Lakini karatasi, menyu, aikoni na kila kitu cha kawaida havina niti. Mfumo ndio unaoamua. Kwenye Windows kuna kitelezi cha mwangaza wa maudhui ya SDR, na kwa monita ya nje kinaanzia niti 80 kikiwa sifuri, kinaongeza niti nne kwa kila hatua, hadi 480 kikiwa 100. Mimi nilikuwa nimekiweka mwisho kabisa, kwa sababu chumba changu kina dirisha na mchana napenda kuona vizuri. Nilidhani narekebisha monita. Kumbe nilikuwa naamua nyeupe ya kila atakayetazama somo langu, huko aliko.

ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wana ripoti, BT.2408, inayoshauri karatasi nyeupe, nyeupe ya kawaida isiyo taa, ikae niti 203. Namba ya ajabu, lakini ina akili: inaacha nafasi kubwa juu yake kwa vitu ambavyo kweli vinawaka. Ukihesabu kwenye kitelezi, hatua ya 31 inakupa 204. Ninaweka 31. Nimebandika karatasi pembeni ya monita imeandikwa 31 kwa kalamu nyekundu, na wateja wananiuliza kama ni siku ya mwisho ya kulipia.

Nikadhani nimemaliza, kumbe kwenye kona kuna sura yangu. Huwa naweka kamera ndogo inayoonyesha uso nikieleza, na nembo ya biashara chini. Hivyo havipiti kwenye kitelezi cha Windows. Vinaingia moja kwa moja kwenye programu ya kurekodi, na vinafuata kile kisanduku cha 300. Matokeo yake nyeupe mbili kwenye kioo kimoja: karatasi iko 204, shati langu liko karibu 300. Hakuna anayeweza kukwambia ni nini, wanasema tu “hapo pembeni pana kitu”. Nikashusha kisanduku hicho hadi 203, shati likakaa.

Kuna wakati nilitaka kuiacha PQ kabisa. BBC na NHK ya Japani walitengeneza njia nyingine, HLG, na mwaka 2016 ITU waliziweka zote mbili kwenye pendekezo moja, BT.2100. Waliitengenezea matangazo ya televisheni, ambako picha inapita kwenye mitambo mingi na lebo zinadondoka njiani. HLG haiahidi niti. Inasema nyeupe ya karatasi ni asilimia 75 ya ishara, mengine kioo chako kijipange, na MaxCLL haihitajiki. Kwa TV ya mjomba, mlango wazi na ziwa linarudisha jua sebuleni, hiyo ni busara. PQ ilifikiriwa kwa ajili ya mtu aliyekaa gizani, na Kiriba watu hawafungi mlango ili watazame TV. Masomo mengine sasa nayarekodi kwa HLG. Masomo ya jedwali na maandishi nimeyarudisha SDR bila aibu yoyote. Kurekodi daftari kwa HDR ni kuvaa suti kwenda kuvua. PQ nimeibakizia yale ambayo taa ni sehemu ya somo, kwa sababu pale nataka kijana aone namba niliyoiona mimi, 950, na aweze kuipima mwenyewe.

Kama lebo iko sehemu mbili, zisigombane. Faili iliyobanwa kwa kodeki ya HEVC inaweza kuwa na taarifa ndani ya mkondo wa picha na nyingine kwenye chombo kinachoubeba. Nilipoandika upya kwa mkvmerge nilibadilisha za nje tu. Za ndani ziliendelea kusema 4,000. TV ya mjomba ilisoma za nje. Ya rafiki yangu kule Bunda ilisoma za ndani, akanipigia kuniambia video ni giza, nikamwambia amekosea kuiseti, tukakosana siku tatu. Siku hizi nafungua kila faili kwa MediaInfo kabla haijatoka chumbani, natazama kwamba uhamisho wa mwanga (transfer) umeandikwa PQ, rangi ni BT.2020, na namba za mwanga ni zile nilizopima. Ukiacha bila kuandika kabisa napo, usidhani utabaki huna neno: mwingine atasema kwa niaba yako. TV nyingine zina makisio yake. YouTube, ambayo inapokea HDR tangu 2016, ikikuta faili ya PQ haina taarifa za monita hukupa za Sony BVM-X300, kioo cha studio ambacho mimi nimekiona kwenye picha tu.

Kuhusu kutumiana kwenye simu, sina la kusema zaidi ya kwamba niliwahi kumtumia dada yangu somo la HDR likamfikia limepauka kama kanga iliyosahaulika juani. Faili ya HDR nampa mtu mkononi, kwenye flashi.

Na kuna mpaka ambao namba hizi haziwezi kuuvuka. Ni namba moja kwa video nzima. Somo langu lina dakika kumi za ukurasa na dakika nne za ziwa, na lebo ya kilele 950 inatawala zote kumi na nne. HDR10+ na Dolby Vision zinaweza kubadilisha maelezo tukio kwa tukio, lakini kurekodi kioo kwa njia hizo si jambo la kufanyia chumbani kwangu. Nilichofanya ni kukata somo vipande viwili, kila kimoja na lebo yake. Na kipande cha ziwa nikakirekodi upya: dirisha la video likajaza kioo, maelezo nikayahamishia chini, maandishi ya kijivu juu ya ukanda mweusi. Nyeupe 204, kamera 203. Nikapima usiku, feni ikalia mpaka alfajiri. Kilele 950, kama zamani, kwa sababu taa hazikubadilika. Wastani mkubwa ulikuwa 38.

Safari ya tatu nilifika Kiriba mbalamwezi imeshakua, mitumbwi imepumzika, dagaa wa mwisho wameanikwa kwenye miamba. Mjomba alikuwa anashona wavu nje. Nilichomeka flashi bila kumwahidi kitu.

Hakusema neno juu ya taa. Hakusema neno juu ya karatasi. Alitazama kidogo, akaweka sindano ya wavu chini, akanyoosha kidole kwenye kona ya giza nyuma ya karabai ya pili, mahali ambapo kwenye faili zile mbili za kwanza hapakuwa na kitu.

“Huyu si amekaa juu ya kamba? Rudisha nyuma.”

Nikarudisha.

“Amekaa juu ya kamba. Na mimi namlipa!” Akasogeza stuli karibu na kioo. “Rudisha tena, halafu mwite, yupo hapo nje.”